Mtu wa Buenos Aires ni nani hasa?

Tangu Papa Fransisko alipofariki dunia tarehe 21 Aprili 2025, kuna kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi, redioni, kijiweni na katika makundi ya simu: kwamba Buenos Aires ni mji wa ajabu, kwa sababu umetoa Papa, umetoa Maradona, umetoa Messi, umetoa Che Guevara na Evita Perón. Majina matano hutajwa kwa pumzi moja, na anayesikiliza huitikia kwa kichwa. Lakini kati ya watu hao watano ni mmoja tu aliyezaliwa ndani ya mji mkuu wa Argentina. Mmoja alizaliwa ng'ambo ya mto unaopakana na mji huo, mmoja alizaliwa mashambani, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo, na wawili ni wazaliwa wa mji mwingine kabisa, katika jimbo jingine.

Mkanganyiko huu una vyanzo viwili. Cha kwanza ni jina lenyewe, kwa kuwa Buenos Aires si jina la mahali pamoja. Cha pili kimo ndani ya lugha yetu, katika lile neno dogo "wa". Tukisema fulani ni mtu wa Mombasa, huenda tunamaanisha kwamba kitovu chake kilizikwa huko, au huko ndiko alikokulia, au alikwenda kutafuta riziki akapata jina, au wazee wake wamelala huko. Katika mazungumzo ya kila siku hatuhitaji kutenganisha maana hizo, kwa sababu mtu tunamjua na kwao tunakujua. Tunapozungumzia mji ulio ng'ambo ya Atlantiki ni lazima tuzitenganishe, la sivyo tutaupa mji mmoja sifa za nchi nzima na kuinyang'anya miji mingine watoto wake.

Jina moja, mahali patatu

Buenos Aires ya kwanza ni mji mkuu wenyewe. Eneo lake ni kilomita za mraba 203 hivi, umegawanywa katika mitaa 48 ambayo kila mmoja una jina na historia yake, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu wapatao milioni 3.1. Tangu katiba ya Argentina ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1994, mji huu una mamlaka yake ya ndani na mkuu wa serikali anayechaguliwa na wakazi, ingawa wazee wengi bado huuita kwa jina la zamani, Capital Federal, yaani makao makuu ya shirikisho.

Buenos Aires ya pili ni jimbo. Hili ni kubwa mno: lina zaidi ya kilomita za mraba 307,000, karibu theluthi moja ya Tanzania, na wakazi wapatao milioni 17.5. Makao yake makuu hayako Buenos Aires bali La Plata, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Hadi mwaka 1880 mji ulikuwa sehemu ya jimbo. Mwaka huo, baada ya mapigano mafupi, mji ulikatwa kutoka jimboni ukakabidhiwa kwa serikali ya shirikisho, na jimbo lililobaki bila kichwa likajenga mji mpya wa La Plata, ulioanzishwa mwaka 1882. Mji uliondoka na jina lake, na jimbo likabaki na jina lilelile.

Buenos Aires ya tatu haina serikali wala gavana. Ni mfululizo wa makazi unaojumuisha mji mkuu pamoja na wilaya 24 za jimbo zinazouzunguka, ambapo watu wapatao milioni 14 huishi nyumba kwa nyumba, bila pengo linalomwonyesha mgeni kwamba amevuka mpaka. Mpaka wenyewe ni barabara kuu ya General Paz upande wa kaskazini na magharibi, na mto Riachuelo upande wa kusini. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana anajua kuwa mtu wa Rongai husema anaishi Nairobi ilhali yuko Kaunti ya Kajiado, na wa Ruaka husema vivyo hivyo ilhali yuko Kiambu. Msomaji wa Dar es Salaam anawajua wanaoamka Kibaha, Mkoa wa Pwani, ili wawahi kazini mjini. Hakuna anayedanganya kati ya hao. Kila mmoja anautaja mji anaouendea kila siku.

Waargentina wenyewe wamejitungia maneno mawili ya kuepuka utata huu. Mtu wa mji mkuu huitwa porteño, neno linalotokana na puerto, bandari, kwa hiyo maana yake ni mtu wa bandarini. Mtu wa jimbo huitwa bonaerense. Maneno haya hayabadilishani, na ukimwita mtu wa bandarini bonaerense atakusahihisha papo hapo. Hata kandanda hufuata mpaka huo: Boca Juniors, River Plate na San Lorenzo ni timu za mjini, ilhali Racing na Independiente, ambazo wengi wetu huziweka katika fungu hilohilo, ni za Avellaneda, ng'ambo ya Riachuelo, ambako ni jimboni.

Aliyezaliwa ndani

Jorge Mario Bergoglio, aliyekuja kuwa Papa Fransisko, alizaliwa tarehe 17 Desemba 1936 katika mtaa wa Flores, ndani ya mji mkuu. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Piedmont, Italia, na mama yake alizaliwa Buenos Aires katika familia yenye asili ya Italia. Flores nao una kisa chake, kwa kuwa ulikuwa mji mdogo wa peke yake hadi miaka ya mwisho ya 1880, jimbo lilipoutoa ili kuupanua mji mkuu. Laiti Bergoglio angezaliwa miaka hamsini mapema katika kitanda kilekile, angekuwa mtu wa jimbo.

Huyu ni mtu wa Buenos Aires kwa karibu kila maana unayoweza kuifikiria. Alizaliwa hapo. Alikulia hapo. Akiwa na umri wa miaka 16, mwezi Septemba 1953, aliingia kuungama katika kanisa la San José de Flores, na maisha yake yote alisema kwamba wito wa upadre aliupatia hapo. Alikuwa mwanachama wa klabu ya San Lorenzo. Mwaka 1998 alikuwa askofu mkuu wa mji, akaacha kuishi katika nyumba rasmi ya askofu, akachagua chumba cha kawaida karibu na kanisa kuu, akajipikia, na akawa anasafiri kwa basi na treni ya chini ya ardhi kama mkazi mwingine yeyote. Mitaa ya mabanda, ambayo Waargentina huiita villa, aliitembelea kwa miguu na akapeleka mapadre wa kukaa humo. Wale waliokuwa Kangemi, Nairobi, tarehe 27 Novemba 2015, walipomwona akiwasalimu watu katika parokia ya mtaa wa mabanda badala ya ukumbini, walikuwa wakitazama mazoea yaliyoanzia katika villa za Buenos Aires miaka mingi kabla.

Hata hivyo kuna uzi mmoja unaokosekana. Alipochaguliwa kuwa Papa tarehe 13 Machi 2013, alitokea kibarazani akasema kwamba makadinali wamekwenda kumtafuta askofu wa Roma karibu mwisho wa dunia, na tangu alipoondoka kwenda kwenye mkutano huo wa uchaguzi hakurudi tena Argentina, hata kwa ziara. Amezikwa Roma, katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Mwandishi Jorge Luis Borges, mzaliwa mwingine wa mji huu, mwaka 1899, alimtangulia katika njia hiyo: aliusifu mji mtaa kwa mtaa katika mashairi yake, akaongoza Maktaba ya Taifa kuanzia mwaka 1955 akiwa tayari ni kipofu, kisha akafia Geneva mwaka 1986 na kuzikwa hukohuko. Kuzaliwa mahali na kulala mahali ni mambo mawili.

Ng'ambo ya mto

Diego Armando Maradona alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1960 huko Lanús, katika hospitali iliyopewa jina la Evita. Lanús iko kusini mwa Riachuelo, kwa hiyo iko jimboni. Alikulia Villa Fiorito, mtaa maskini wa wilaya ya Lomas de Zamora, nao uko jimboni. Wazazi wake hawakuwa wenyeji wa huko pia, kwa kuwa walitoka mkoa wa mbali wa Corrientes, kaskazini, kama walivyofanya maelfu ya wengine waliokuja kutafuta kazi za viwandani. Kwa kipimo cha cheti cha kuzaliwa, Maradona ni bonaerense, si porteño, na maelezo yanayomwita mzaliwa wa mji mkuu yanamaanisha ile Buenos Aires ya tatu, yale makazi makubwa yasiyo na gavana.

Lakini ukisimama kwenye Puente Alsina, daraja linalovuka Riachuelo, unaona jinsi cheti hicho kisivyotosha. Mto huo ni mwembamba na mchafu, maji yake meusi kwa taka za viwanda vya ngozi na vinginevyo, na kutoka ukingo mmoja unaweza kuwaona watu wa ukingo wa pili wakishuka basini. Mtoto wa Fiorito aliyetaka kucheza mpira mahali penye watazamaji ilimlazimu avuke. Maradona alivuka kwenda mazoezini Argentinos Juniors, klabu ya mtaa wa La Paternal ndani ya mji, akaichezea mechi yake ya kwanza ya ligi tarehe 20 Oktoba 1976, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 16. Klabu ikampa nyumba mtaani hapo, akaihamishia familia yake, na leo nyumba hiyo ni makumbusho na uwanja wa klabu una jina lake. Mwaka 1981 akahamia Boca Juniors, kwenye mtaa wa La Boca, palepale Riachuelo unapomwaga maji.

Kwa hiyo alizaliwa jimboni, akapatia jina mjini. Alipofariki tarehe 25 Novemba 2020, alifia Tigre, jimboni; umati ukamuaga katika ikulu iliyo katikati ya mji mkuu; kisha akarudishwa jimboni kuzikwa Bella Vista. Hata maiti yake ilivuka mpaka huo mara mbili.

Wale wa Rosario

Kwa Lionel Messi hakuna hata mto wa kubishania. Alizaliwa tarehe 24 Juni 1987 Rosario, mji wa jimbo la Santa Fe ulio kando ya mto Paraná, kilomita 300 hivi kutoka mji mkuu. Alilelewa na timu ya watoto ya Newell's Old Boys ya hukohuko, akaenda Barcelona akiwa na miaka 13, na hajawahi kuchezea klabu yoyote ya Buenos Aires. Dhana kwamba ni mtu wa Buenos Aires inatokana na mazoea ya kuuchukua mji mkuu kuwa ndio nchi. Watu wa Rosario hukerwa nayo, na mimi naona wana haki.

Ernesto Guevara, yule Che mwanamapinduzi aliyepigana Cuba, naye alizaliwa Rosario, mwaka 1928, ingawa kwa namna ya kupita njia: wazazi wake walikuwa wakishuka Paraná kutoka Misiones kuelekea mji mkuu. Utoto wake aliupitisha zaidi Alta Gracia, jimbo la Córdoba, kwa sababu ya pumu. Kamba inayomfunga na Buenos Aires ni chuo kikuu, ambako alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1953, kisha akaondoka nchini mwezi Julai mwaka huohuo. Jina Che si la kuzaliwa wala la ukoo. Che ni neno la kuitana ambalo Waargentina hulitumia wakati wote, kama sisi tunavyosema "aisee", na wenzake Wacuba walimpachika kwa kuwa halikumtoka mdomoni. Jina hilo basi lilitangaza utaifa wake, bila kusema ni wa mji gani.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jina jingine lake linalostahili kusimuliwa. Mwezi Aprili 1965 alifika Dar es Salaam kwa siri, amenyoa ndevu na kuvaa miwani, akielekea Kongo kuwasaidia waasi wa mashariki. Ili kuficha ni nani aliyekuwa mkubwa, Wacuba walijipa majina ya hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyekuwa kamanda machoni pa watu, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu, akajulishwa kwa wenyeji kuwa ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Wakavuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma, na mwezi Novemba mwaka huohuo wakarudi kwa njia hiyohiyo baada ya kushindwa. Mzaliwa wa Rosario aliyekulia Córdoba, akasoma Buenos Aires, akapewa uraia wa Cuba, akaitwa Tatu ziwani: mtu wa namna hii ukimwita "mtu wa Buenos Aires" hujasema uongo mtupu, lakini umesema sehemu ndogo sana ya ukweli.

Waliokuja mji ukawakubali

María Eva Duarte, Evita, alizaliwa tarehe 7 Mei 1919 Los Toldos, eneo la mashamba ndani ya jimbo la Buenos Aires. Kwa hiyo anayesema alizaliwa Buenos Aires yuko sahihi akimaanisha jimbo, na amekosea akimaanisha mji. Aliingia mji mkuu mwaka 1935 akiwa msichana wa miaka 15 anayetaka kuigiza, akaishi kwenye vyumba vya kupanga, akapata sauti kupitia michezo ya redioni, na mwaka 1945 akaolewa na Juan Perón, aliyekuja kuwa rais wa Argentina. Sheria iliyowapa wanawake wa Argentina haki ya kupiga kura, ambayo aliipigania hadharani, ilipitishwa mwaka 1947. Alikufa kwa saratani tarehe 26 Julai 1952 akiwa na umri wa miaka 33. Baada ya Perón kupinduliwa mwaka 1955 wanajeshi waliuiba mwili wake na kuuzika kwa siri Milan, Italia, kwa jina la mtu mwingine. Ulirudishwa Argentina mwaka 1974, na tangu mwaka 1976 umelala katika kaburi la ukoo wa Duarte, makaburi ya Recoleta, katika ujirani wa zile familia tajiri zilizomdharau alipokuwa hai. Mji haukumzaa, ila ndio unaomlinda.

Carlos Gardel, mwimbaji wa muziki wa tango, ndiye mfano mgumu kuliko wote. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha Toulouse, Ufaransa, tarehe 11 Desemba 1890. Mama yake, ambaye hakuwa na mume na aliyeishi kwa kupiga pasi nguo za watu, alimleta Buenos Aires mwaka 1893, akakulia karibu na soko la Abasto. Mwaka 1920 Gardel aliandikishwa kuwa Mruguai aliyezaliwa Tacuarembó, na kwa sababu hiyo Uruguay inamdai hadi leo. Lakini katika wosia alioandika kwa mkono wake mwaka 1933 alisema yeye ni Mfaransa wa Toulouse. Watafiti wengi wanashika cheti na wosia. Kwangu mimi suala la mji halina utata hata kidogo: sensa ya mwaka 1914 ilikuta kwamba karibu nusu ya wakazi wa Buenos Aires walizaliwa nchi za nje, kwa hiyo mtoto aliyeshuka melini akashika lafudhi ya sokoni hakuwa mgeni mjini humo. Alikufa kwa ajali ya ndege Medellín tarehe 24 Juni 1935, akaletwa kuzikwa makaburi ya Chacarita. Sanamu yake pale imesimama ikitabasamu, mkono mmoja umeachwa wazi kidogo vidoleni, na wanaomzuru huwasha sigara wakaichomeka hapo, iungue yenyewe hadi mwisho.

Mzaliwa aliyesahauliwa

Imani nyingine inayosemwa sana, tena na Waargentina wenyewe, ni kwamba Buenos Aires ni mji wa watu wenye asili ya Ulaya tangu mwanzo. Si kweli. Sensa ya mwaka 1778 ilikuta kwamba karibu theluthi moja ya wakazi walikuwa na asili ya Afrika, waliofikishwa kwa biashara ya watumwa kutoka Angola, Kongo na hata Msumbiji, pwani yetu hii ya mashariki. Vita, maradhi, ndoa za mchanganyiko na wimbi la wahamiaji wa Ulaya vilipunguza idadi yao, na serikali ilipoacha kuwahesabu, kumbukumbu nayo ikafifia.

María Remedios del Valle alizaliwa kati yao, mjini humo, katika miaka ya 1760. Vita vya kupigania uhuru vilipoanza mwaka 1810 alifuata Jeshi la Kaskazini pamoja na mumewe na wanawe, na wote hao waliuawa. Alihudumia majeruhi, akapigana, na Jenerali Manuel Belgrano akampa cheo cha kapteni. Baada ya kushindwa huko Ayohuma, Novemba 1813, Wahispania walimkamata na kumchapa viboko hadharani kwa siku tisa, akatoroka na kurudi vitani. Uhuru ulipopatikana alirudi kwao akiwa hana kitu, akawa anaomba chakula milangoni mwa makanisa na viwanjani, hadi Jenerali Viamonte alipomtambua katika miaka ya 1820 na kulishuhudia hilo mbele ya baraza la wawakilishi, ambalo mwaka 1828 lilikubali alipwe pensheni. Alifariki tarehe 8 Novemba 1847, na tangu mwaka 2013 tarehe hiyo ni siku ya kitaifa ya Waargentina wenye asili ya Afrika.

Mwezi Mei 2024 benki kuu ya Argentina ilianza kutoa noti ya peso 10,000. Upande mmoja una sura mbili zilizokaa bega kwa bega, Belgrano na kapteni wake María Remedios del Valle, wote wawili wazaliwa wa Buenos Aires, ile ya bandarini.